Jina Ndani ya Wimbo

Wimbo wenyewe ulichukua dakika mbili na nusu, na kufikia Jumatatu asubuhi kila mwanamume wa Ntsikizini mwenye simu alikuwa ameusikia. Wasio na simu walisikilizishwa na walio nazo. Mzee Sobantu, mkuu wa kamati ya jando, aliusikiliza mara tatu akiwa amesimama dukani. Akamrudishia mwenye duka simu yake, akasema, "Mtoto wa MaMiya asahau Desemba."

MaMiya aliletewa maneno hayo jikoni, akikoroga uji wa wanafunzi mia tatu wa bweni. Alikuwa na miaka kumi na moja kwenye jiko la shule ya wavulana ya Averley, na mwanawe Thobela alikuwa mwaka wa mwisho katika shule hiyo hiyo, kwa kuwa watoto wa wafanyakazi hupokelewa. Mleta habari alikuwa Nozuko, mpishi mwenzake, wa kijiji kimoja naye. Nozuko alinong'ona kana kwamba kuna msiba.

"Nionyeshe," MaMiya akasema.

Waliingia stoo ya unga wakafunga mlango. Kwenye simu ya Nozuko, uwanja wa watu ulionekana ukitikisika. Ilikuwa Jumamosi, mapumziko ya mechi ya raga, Averley wamelazwa kumi na saba kwa tatu, na wavulana jukwaani wamekaa wamenywea. Hapo akasimama Thobela. Hakuwa mchezaji, hata mpira ukimjia huukwepa. Alikuwa mwimbishaji. Nani kwetu hajui gwijo? Mmoja anaanzisha, mamia wanaitikia kwa koo na kwa miguu, na wachezaji walio chini wanakumbuka wametoka kwa nani. Miaka miwili Thobela ndiye aliyeianzishia shule gwijo zake, na hakuna aliyelalamika.

Ila siku hiyo hakuanzisha gwijo za kila siku. Alianzisha wimbo wa kushuka mlimani, ule unaowaleta wari nyumbani jando likiisha. Wimbo huo mvulana anaruhusiwa kuusikia. Kuuitikia, watu watafumba macho. Kuuimbisha ni kazi ya mwanamume aliyepita huko mwenyewe, na Thobela, miaka kumi na minane na ndevu zake tatu, alikuwa bado mvulana. Alipangiwa kwenda Desemba hii na wenzake kumi na mmoja.

Averley walirudi uwanjani wakashinda ishirini na mbili kwa kumi na saba. Ndiyo maana video ilisambaa namna ile.

"Rudisha nyuma kidogo," MaMiya akasema.

Katikati ya wimbo huo, kwa desturi ya Ntsikizini, mwimbishaji huita jina la babu wa ukoo wake mwenyewe, na wanaume wote hujibu, "Yupo." Kila ukoo una wake. Thobela, kifua mbele, mishipa imemtoka shingoni, aliita, "Hlanganyana!" Na wavulana mia tisa, wengine wazungu kabisa, wakajibu kwamba yupo.

MaMiya alikaa juu ya gunia. Hlanganyana hakuwa chochote kwao. Alikuwa babu wa Mzee Sobantu.

Jina lile lingeingiaje kinywani mwa mwanawe? Njia ilikuwa moja tu. Odwa, mtoto wa Sobantu, nahodha wa timu, alikwenda jandoni Desemba iliyopita. Yeye ndiye aliyemfundisha Thobela wimbo, neno kwa neno, na babu yake humo humo, na mwanafunzi akaumeza wote bila kuuliza huyu Hlanganyana ni nani. Mwanamume mpya kumfundisha mvulana wimbo ule ni kosa kubwa kuliko la mvulana kuuimba.

"Sobantu ameusikiliza mara ngapi?" akauliza.

"Mara tatu, wanasema."

"Basi amemsikia babu yake mara tatu."

Nozuko alitazama mlango. "MaMiya, mimi hilo sijalisikia. Na wewe hujalisema."

*

Saa nne Bwana Prentice, mwalimu wa michezo, alipenyeza kichwa kwenye dirisha la kugawia chakula. Alikuwa na furaha, na furaha yake ilikuwa na sauti kubwa.

"Patricia! Mtoto wako ametufanya maarufu."

Jina la Patricia aliandikiwa siku ya kwanza ya kazi na mtu aliyeshindwa kutamka Nontuthuzelo, na halikumtoka tena.

"Ndiyo, bwana."

"Jumamosi tunacheza na Dunmore hapa nyumbani. Wazee waliosoma hapa wanakuja kutoka kila mahali. Nataka aanzishe wimbo ule ule timu ikitoka. Ule ule, sawa? Sio ile mingine."

MaMiya alifuta mikono kwenye aproni polepole. "Bwana, wimbo ule sio wake."

"Anauimba vizuri kuliko mtu yeyote."

"Sikatai. Lakini wimbo huo umewaudhi watu kijijini. Ana umri ambao hajafikia... hajapitia..." Alitafuta namna ya kumweleza mwanamume mgeni mambo ya wanaume, mambo ambayo mwanamke haongei hata na kaka yake, na hakuipata. 

Bwana Prentice alicheka kwa upole, na upole huo ulimuuma kuliko ukali. "Ni wimbo tu, Patricia. Watoto wanaipenda shule yao. Tusiwaharibie." Akachukua kipande cha mkate kwenye trei, akaondoka anatafuna.

*

Nyumbani, Thobela alikuta mama yake hajavua hata koti.

"Keti."

Akaketi.

"Nani alikufundisha?"

"Wavulana tu, mama. Shuleni."

"Wavulana hawaujui wimbo ule."

Thobela alianza kufungua kamba za viatu.

"Hlanganyana ni nani?"

"Ni maneno ya wimbo."

"Ni babu yake Sobantu, we mjinga. Umesimama mbele ya uwanja mzima ukajiitia babu wa watu."

Aliona mtoto anavyoelewa. Ilianzia machoni ikashuka hadi mikononi, na mikono ikaanza kusugua magoti. "Kwa hiyo wanajua," akasema.

"Kila mwenye masikio anajua. Mwenye mdomo ndiye hayupo."

"Mama, usimtaje. Nakuomba. Nilimwapia. Odwa alikuja kwangu Ijumaa, akasema kesho tunapigwa, na tukipigwa ni mimi nahodha, nisaidie. Alijaribu mwenyewe kuuanzisha mazoezini wakamcheka, sauti yake unaijua ilivyo. Wakijua watamvua kofia ya wanaume wapya. Watamwita mvulana mbele za watu."

"Na wewe watakuitaje?"

"Mimi bado ni mvulana. Sina cha kuvuliwa."

Alilisema vizuri, na kwa sekunde moja MaMiya alijivunia kumzaa. Kisha akataka kumzaba kofi. "Una Desemba ya kuvuliwa," akasema. "Wasipokuchukua hawa, utakwenda na nani? Kwa yule wa ng'ambo ya mto?"

Thobela alimjua. Yule wa ng'ambo ya mto huchukua yeyote, haulizi ukoo wala cheti cha daktari. Mwaka jana alipanda mlimani na vijana watano. Walioshuka kwa miguu yao walikuwa watatu. Na kutokwenda kabisa hakukuwa jambo la kuzungumzwa katika nyumba ile. Mwanamume mzima anayeitwa mvulana na watoto wadogo, asiyeoa, asiyekaa na watu kwenye msiba, MaMiya aliwahi kumwona mmoja, na hakutaka kumwona wa pili mezani kwake.

Mjomba Mncedi alifika jua likielekea kuzama. Ndiye mwanamume pekee wa nyumba ile. Baba yake Thobela hakuwahi kuleta ng'ombe wala jina, kwa hiyo mtoto alikuwa wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye wa kusimama naye. Alisimama mlangoni na kofia mkononi.

"Alhamisi saa kumi," akasema. "Zizini kwa Sobantu. Nimeambiwa nimlete."

"Na utasema nini, kaka?"

"Nitaomba radhi."

"Utasema Hlanganyana?"

Mncedi alitazama sakafu. Alikuwa fundi wa kujenga nyua, na nyua nyingi alizojenga mwaka ule zilikuwa za Sobantu na za marafiki wa Sobantu. "Dada, mambo ya wanaume yana namna yake."

"Namna gani? Wote mmesikia. Wewe umesikia."

"Nimesikia."

"Basi wewe ndiye mwenye haki ya kuingia mle na kusema. Mimi sina. Nikuombe kwa magoti?"

"Usifanye hivyo." Alikuwa karibu kulia, maskini. "Nitasema. Nimekuambia nitasema."

MaMiya alimpa sahani ya makande akala amesimama, kama mtu anayesubiri kuitwa.

*

Alhamisi wanaume kumi na wawili waliketi zizini kwa Sobantu, wengine juu ya mawe, wengine juu ya ndoo zilizopinduliwa. Ng'ombe walikuwa bado malishoni. Thobela alichuchumaa karibu na lango, mahali pa wavulana. Odwa alisimama nyuma ya baba yake amevaa koti la kahawia na kofia ya wanaume wapya, mikono nyuma, macho kwenye samadi.

MaMiya alikuja bila kuitwa. Alijitanda shali mabegani, akafunga kitambaa cha kichwa hadi kwenye nyusi, akasimama nje ya uzio upande wa nyumba, pale ambapo mwanamke anaweza kusingizia amekuja kusalimia wa jikoni. Mke wa Sobantu alimwona kupitia dirishani. Hakumkaribisha. Mzee mmoja aligeuka akamtazama kama anavyotazamwa kuku aliyeingia sebuleni, kisha akageuza shingo.

Sobantu hakupaza sauti. Alikuwa mtu wa heshima na hakuhitaji kelele.

"Mncedi, huyu ni wako?"

"Ni wangu, tata," akajibu, akimwita baba kwa heshima.

"Una neno?"

Mncedi alisimama. Akaikunja kofia yake, akaikunjua. "Tunaomba radhi," akasema. "Mtoto amekosa. Nyumba yetu inaomba radhi."

"Una neno jingine?"

Kila mtu zizini alimtazama. Kulikuwa na wanaume pale, nasema kweli, waliotamani aseme, ili isiwe wao. MaMiya alishika waya wa uzio.

"Sina jingine," Mncedi akasema, akakaa.

Sobantu alimgeukia Thobela. "We mvulana. Sheria ya hapa unaijua? Nikueleze. Kama kuna mwanamume alikufundisha, kosa ni la huyo mwanamume, wewe ni mtoto uliyetumwa, na utakwenda na wenzako. Kama hakuna aliyekufundisha, basi umeiba. Na sisi hatupandi mlimani na mwizi. Nani alikufundisha?"

Odwa alihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule.

"Hakuna," Thobela akasema.

"Hakuna?"

"Niliiba, tata. Nilijificha nyuma ya mabafu ya bweni nikawasikia wakubwa."

"Wakubwa gani?"

"Sikuwaona nyuso."

"Unajua unachokisema?"

"Najua."

"Desemba huendi nasi."

"Najua, tata."

 Sobantu alimtazama kwa muda, na waliokuwa karibu wanasema aliumia. Lakini aliyepewa zawadi kubwa namna ile hakosi kuipokea, hasa ikiwa inamwokoa mwanawe. Akavuta pumzi, akawageukia wenzake. "Basi mmemsikia kwa kinywa chake. Mimi sina la kuongeza."

Hapo ndipo wimbo ulipolia.

Ulitoka kwenye uzio, mwembamba, wa simu, umejaa upepo na vishindo vya viatu. Ilikuwa simu ya Nozuko, iliyoombwa kwa siku moja kwa kisingizio cha kumpigia shangazi. MaMiya aliishika juu kwa mikono miwili, sauti imefunguliwa mpaka mwisho, na midomo yake ameibana. Sauti ya Thobela ilipanda, wavulana wakaitikia, ikapanda tena. Wanaume waligeuka. Mmoja alianza kunyanyuka ili amfukuze, lakini wimbo ule haukatizwi katikati, ni mwiko, na yeye aliujua mwiko huo kuliko mtu yeyote. Akabaki amenyanyuka nusu.

"Hlanganyana!" simu ikaita.

Mzee Ngxabani, mkubwa kuliko wote, asiyeona vizuri tena, alikuwa amesinzia juu ya ndoo yake. Alijibu kwa kifua chote, kama alivyojibu miaka sitini. "Yupo."

Akafumbua macho. "Nani anaimbisha?" akauliza. "Ni Odwa huyo? Sauti yake imepona?"

 Wimbo ukaisha. MaMiya akaurudisha nyuma kwa kidole, na jina likaita mara ya pili katika zizi la mwenye jina.

"Nani anachezesha hicho kitu?" Sobantu akasema.

"Ni simu, tata," MaMiya akajibu kutoka nje, kichwa ameinamisha, kwa adabu zote. "Mimi sijasema neno."

Thobela alikuwa amesimama. "Mama, zima," akasema. "Zima, mama, tafadhali." Sauti iliyoongoza mia tisa ilikuwa imemkatika. MaMiya alimtazama mtoto wake usoni, na kidole chake kikarudisha wimbo nyuma mara ya tatu.

Haukufika mbali. Odwa alivua kofia yake.

Alivua mwenyewe, kabla hajaambiwa, akaishika tumboni. "Anadanganya," akasema, na sauti yake kweli ilikuwa ya kukwaruza, ya kuchekwa. "Hakuiba. Nilimfundisha mimi. Ijumaa, kwenye chumba cha kufulia. Mpaka jina la babu nilimpa, sikufikiri. Nilitaka tushinde."

"Kaa kimya," baba yake akasema.

"Tata, kila mtu anajua. Na wewe unajua."

Sobantu alikaa muda mrefu na mikono juu ya fimbo yake. Nyumbani kwake watu walikuwa hawajawahi kumwona akikosa la kusema, na sasa wote walimwona, hata wale waliojifanya wanatazama viatu. Mwishowe alizungumza akitazama ardhi. Odwa atachinja kondoo kwa ajili ya wanaume, na mwaka mzima hataketi nao, wala kwenye bia wala kwenye msiba. Thobela atakwenda Desemba na wenzake. Mpaka hapo asiimbishe kitu chochote, shuleni wala kanisani. Kisha akasema, bila kugeuza kichwa, "Na yule aliye nje ya uzio aende nyumbani."

Mncedi alikohoa, akasafisha koo, akasema kwamba nyumba yao inashukuru.

*

Walirudi kwa njia ya chini, ya kando ya shamba la mahindi yaliyokwisha kuvunwa. Thobela alitangulia. MaMiya alimfuata hatua kumi nyuma, amechoka, maana alikuwa amesimama toka alfajiri, kwanza jikoni, kisha pale uzioni.

"Jumamosi nitamwambia Prentice mimi," akasema.

Thobela alipiga teke bua la mahindi.

"Nitamwambia unaumwa koo."

"Shule nzima itakuwa jukwaani," Thobela akasema bila kugeuka. "Watanisubiri nianze. Nitakaa nimefumba mdomo, Dunmore watatuimbia nyumbani kwetu, na Odwa atakuwa pale chini ananitazama. Umemvua nguo, mama. Mbele ya baba yake. Nilikuwa nimelimaliza lile jambo. Nilikuwa nimelibeba mwenyewe."

"Niliona."

"Sasa kwa nini?"

Alisimama ili ajibiwe. Alikuwa na urefu wa mjomba wake, na alipomgeukia ilibidi mama ainue uso. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, kwa sababu kuyafuta kungekuwa kuyakiri.

"Sitakusamehe hili," akasema.

"Usinisamehe," MaMiya akasema. "Panda mlimani na watu wanaoijua kazi yao. Upone, ushuke kwa miguu yako, wakulete kwa wimbo hadi mlangoni pangu. Ukae kwenye kiti kama mwanamume, nikupe chai uinywe. Hapo ndipo usinisamehe. Mwaka mzima, ukitaka. Maisha."

 Thobela akageuka, akaongeza mwendo. MaMiya alimwacha atangulie, akahesabu hatua zake mpaka alipoingia uani, akaona taa ya jikoni inawashwa.